Kura ya Mama Mkwe

Nthenya alizaa mabinti wanne na hakuzaa mwana wa kiume hata mmoja, na mtu aliyemwonea huruma kwa hilo alijibiwa papo hapo. "Mwana wa kiume angeniletea mke wa kulisha," alisema. "Mabinti wameniletea wanaume wenye mikono. Nani amepata hasara?"

Shida ni kwamba wanaume hao hakuweza kuwatuma hata kiberiti. Mkamba hatazamani na mama mkwe wake. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani mpaka mwenzake apite. Hawali pamoja, hawapeani mikono, na wakiwa na neno la lazima huliambia kitu kingine kilicho karibu ili mwenzake asikie. Adabu hiyo huitwa nthoni, na haimbani mkwe peke yake. Kaka zake na binamu zake nao huishika. Nthenya alikuwa amehamia Ivuso na ukoo mzima, wakwe na jamaa zao, serikali ilipofungua ardhi ya Makueni baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kwa hiyo nusu ya wanaume wa kijiji kile walikuwa wakimkimbia kila siku, tena kwa heshima kubwa.

Kiangazi cha mwaka 1952 kilipokaza, chifu alikuja na habari. Vijiji vitano vingechimba silanga moja, bwawa la udongo la kukinga maji ya mvua, na serikali ingewaazima bakuli kubwa la chuma la kukokotwa na ng'ombe. Mahali pa kuchimba wangepaamua wenyewe. Kila kijiji kingechagua mtu mmoja. Wale watano wangeketi, wachague mwenyekiti kati yao, na neno lao lingekuwa la mwisho. Kazi yenyewe ingefanywa na mwethya, vikundi vya watu wanaolima kwa kusaidiana, na kwa kuwa mwethya wa Ivuso ulijaa wanawake, chifu alisema kila mwenye jembe ana sauti.

"Hata mwanamke anaweza kusimama?" mtu mmoja aliuliza.

"Nimesema mwenye jembe," chifu alijibu. "Sikusema mwenye ndevu."

Nthenya alisimama pale pale, kabla chifu hajafunga mdomo.

Watu walidhani anataka ukubwa. Alichotaka ni kitu kimoja tu, nacho hakukitaja. Maji ya Ivuso yalitoka mtoni, chini kabisa ya mteremko, na yalipanda migongoni mwa wanawake kwa kamba ya ngozi iliyopita kwenye paji la uso. Binti yake wa mwisho, Syombua, alikuwa amepoteza mimba mbili kwenye mlima ule. Sasa alikuwa na ya tatu, na tumbo lilikuwa limeanza kuonekana. Mumewe, Muthama, alinunua punda wa kubeba maji. Fisi wakamla punda. Nthenya mwenyewe alimbebea binti yake alipoweza, lakini magoti yake yalikuwa yameanza kulia kama mlango mbovu. Silanga ikichimbwa bonde la katikati, pale chini ya Ivuso ambapo mtu akiitwa anasikia, Syombua angechota maji na kurudi kabla chungu hakijachemka. Ikichimbwa kwingine, basi.

Aliyesimama kushindana naye ni Ndululu, tajiri wa madume ya ng'ombe, mwenye wana wengi na wake za wana hao wengi zaidi. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka tu silanga iwe karibu na boma lake, na aliamini kwa moyo safi kwamba linalomfaa yeye linawafaa wote.

Siku ya kuchagua walikutana uwanja wa kanisa. Chifu alimweka Nthenya upande huu na Ndululu upande ule.

"Anayemtaka Nthenya apange foleni nyuma yake," alitangaza. "Anayemtaka Ndululu, vivyo hivyo. Sitaki maneno. Miguu ndiyo itakayosema."

Miguu ilisema mambo ya ajabu. Syombua na dada zake walikwenda moja kwa moja nyuma ya mama yao, na wajane kadhaa wakafuata. Nyuma ya Ndululu walisimama wanawe na wazee wenzake. Halafu uwanja mzima ukasimama kama ng'ombe waliofika mtoni wakakuta mamba.

Wakwe wa Nthenya, kaka zao na binamu zao, walitazama mstari wake wakaona haiwezekani. Mtu atakwendaje kusimama mgongoni mwa mama mkwe wake, mchana, mbele ya chifu? Na wake za wana wa Ndululu nao walikuwa na nthoni yao kwa baba mkwe. Kusimama nyuma yake hawakuweza. Kusimama nyuma ya Nthenya, mbele ya macho yake, kungekuwa kumtukana.

Kando ya ukuta wa kanisa, kivulini, alikuwepo Musembi. Musembi alifuga nyuki. Hakuwa na mke wala mama mkwe wala baba mkwe, na siku ile alikuja kuuza asali tu. Muthama ndiye aliyeanza. Alijivuta polepole mpaka kivulini, koti lake la jeshi begani, macho chini, akasimama nyuma ya Musembi. Kaka zake wakamfuata. Wake za wana wa Ndululu wakaona pale ni pahali pa amani, nao wakaenda. Na kwa kuwa foleni ndefu huita watu, waliobaki wakajiunga.

Chifu alihesabu mara moja, akahesabu tena. "Musembi," alisema.

"Naam, chifu. Unataka ya chupa au ya kibuyu?"

"Umechaguliwa."

"Mimi? Mimi nilikuwa nimejikinga jua!"

"Basi umechaguliwa kivulini. Kesho kutwa uende Kavumbu, kwenye baraza la vijiji vitano."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nthenya hakucheka. Alimtazama Syombua, akatazama mlima, akachukua jembe lake akaenda zake.

Musembi alikwenda Kavumbu na akarudi amefurahi kweli kweli.

"Wale ni watu wazuri," aliwaambia Ivuso. "Walinichinjia kuku."

"Na silanga?" Nthenya aliuliza.

"Silanga ipo. Walimchagua Mutiso wa Kavumbu awe mwenyekiti, nikakubali. Mutiso akasema ichimbwe Kavumbu, nikakubali."

"Kavumbu! Kavumbu ni mbali kuliko mto!"

"Ni mbali," Musembi alikiri. "Nimetembea mwenyewe, nimeona."

"Sasa ukakubali kwa nini?"

"Mama Nthenya, mtu amenichinjia kuku. Nimkatalie na paja liko mdomoni?"

Alasiri ile Nthenya alikwenda kwa Syombua. Alimkuta ametoka mtoni, ameegemea ukuta, mkono chini ya tumbo, uso umekuwa wa rangi ya majivu. Mtungi ulikuwa nusu.

"Umemwaga?"

"Nimepunguza njiani, mwaitu, mama yangu. Ulikuwa unanivuta."

Nthenya hakusema pole. Aliuchukua mtungi akamimina maji kwenye chungu, akampikia binti yake uji mzito, akasimama juu yake mpaka akamaliza. Hapo ndipo waliposikia kikohozi nyuma ya ghala la mahindi. Mtu alikuwa amefika na hakutaka kuonekana. Karibu na ghala alikuwa amefungwa mbuzi.

"Ewe mbuzi," sauti ya Muthama ilisema, "mwambie mwaitu nina aibu kubwa."

"Mbuzi," Nthenya alijibu bila kugeuka, "mwambie aibu haichoti maji."

"Mbuzi, mwambie moyo wangu ulitaka kwenda kwake. Miguu ilikataa yenyewe."

"Hilo nalijua. Ingekwenda, ningemfukuza mimi mwenyewe. Mtu asiye na adabu sikumpa binti."

Syombua aliziba mdomo kwa kanga asicheke.

"Ewe mbuzi," Muthama alianza tena, na sauti ilikuwa imepata nguvu, "kule India wamemaliza kupiga kura mwaka huu."

Nthenya aliguna. Muthama alipigana Burma, na alipojeruhiwa alilazwa hospitali Bihar. Tangu hapo India ilikuwa kama kwa wajomba zake. Pale sokoni Matiliku kulikuwa na duka la Hemedi, mtoto wa wale Waswahili wa Kitui mjini, na Hemedi alikuwa na redio ya betri. India ikitajwa redioni, Muthama alisahau alichotumwa kununua.

"Na India inahusu nini hapa?" Nthenya aliuliza.

"Kule watu ni wengi kama siafu, na wengi hawajui kusoma. Hawakupangwa foleni. Kila mgombea alipewa sanduku lake na picha yake, jembe, au taa, au jozi ya ng'ombe. Mtu anaingia mahali palipofungwa, peke yake, anatumbukiza karatasi yake kwenye sanduku analotaka, anatoka. Mkewe hajui. Chifu hajui."

"Hata mama mkwe hajui," Syombua alisema.

"Nyamaza, naongea na mbuzi," alisema Nthenya. Lakini alikuwa amegeuka, sasa anatazama ghala. "Endelea."

"Halafu kila jimbo lina bunge lake, linalotazama mashamba na shule za kwake. Mambo ya nchi nzima, kama jeshi na reli, yanapelekwa Delhi kwenye bunge kubwa. Na yule mkubwa wao, waziri mkuu, hakupigiwa kura na nchi nzima. Watu wanachagua wabunge, na wabunge walio wengi wanasimama nyuma ya mmoja. Wakimchoka wanaondoka nyuma yake, na serikali inaanguka siku hiyo hiyo."

"Inaanguka? Watu wanaumia?"

"Hakuna anayeumia, mwai... mbuzi. Wanamweka mwingine, au wanarudi kwa wananchi kuomba kura upya."

Nthenya alichokora moto kwa kijiti. "Kwa hiyo sisi ni jimbo," alisema mwisho. "Jembe la Ivuso ni la Ivuso. Silanga ndiyo ya wote. Na Mutiso amekaa juu ya kiti kwa sababu yule mla kuku yuko nyuma yake."

"Mbuzi ameelewa upesi," Muthama alisema kwa heshima.

"Mbuzi ana akili kuliko watu fulani waliosimama kivulini. Mwambie aende zake, nataka kupita."

Kwa Musembi alimaliza upesi. Alimkuta akifukiza mzinga. "Musembi, unakitaka kile cheo?"

"Mama, chukua leo. Tangu nilipochaguliwa kila mtu ananigombeza, na nyuki wanasikia, wanakuwa wakali."

Kwa Ndululu ilichukua muda zaidi. Nthenya alimkuta anatazama madume yake yakilamba udongo wa kijito kilichokauka.

"Tuchague upya," Nthenya alimwambia. "Mimi na wewe. Kwa siri, mtu asione wa mwenzake."

"Na ukinishinda?"

"Nikikushinda unanisaidia. Ukinishinda, nakusaidia. Tukishindwa wote, silanga iko Kavumbu, na madume yako yatakunywa nini? Hotuba zako?"

Ndululu alicheka kwa kupenda na kutopenda. "Wewe mama, ulimi wako ungekuwa panga ungefyeka Makueni nzima." Kisha akainamisha kichwa, akasema polepole, "Ile siku sikumwona hata mke mmoja wa wanangu nyuma yangu. Iliniuma, najua ni adabu, lakini iliniuma."

"Mimi sikuwaona wakwe zangu. Tuko sawa. Twende kwa chifu."

Chifu hakupenda. "Kura imekwisha," alisema. "Nimeshapeleka jina kwa Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya. Kijiji hakiwezi kuchagua na kuchagua tena kama mtu anayenunua viatu."

"Viatu vikibana vinarudishwa," Nthenya alisema. "Watu walimtuma Musembi aseme neno lao. Hakulisema. Waliomtuma ndio wenye haki ya kumwita arudi. India wanafanya hivyo."

"Nani amekuambia mambo ya India?"

"Mbuzi."

Chifu alimtazama kuona kama anadhihakiwa. Ndululu alikohoa. "Ni mbuzi wa kweli, chifu," alisema. "Amewahi kufika Bihar."

Chifu alikuwa Mkamba, na alikuwa na mama mkwe. Alifikiri kidogo, akaanza kutabasamu, akakubali.

Walitumia stoo ya kanisa. Ndani waliweka vibuyu viwili vya maziwa, vile vyenye shingo nyembamba isiyopitisha mkono. Kimoja kilichorwa jembe kwa mkaa, kingine pembe ya ng'ombe. Chifu alikaa mlangoni na kikapu cha mbaazi. Kila mtu alipewa punje moja, akachovya kidole kwenye wino wa muhuri ili asirudi mara ya pili, akaingia peke yake na kufunga mlango. Nthenya alipelekwa nyuma ya kanisa, Ndululu akapelekwa chini ya mgunga wa mbali, ili mtu yeyote aje bila kukutana na uso wa kuogopa.

Akiwa nyuma ya kanisa Nthenya alisikia nyayo tu. Alijaribu kuwatambua watu kwa mwendo wao. Nyayo za Syombua alizijua, zilikuwa nzito na za kusita. Baada ya hizo zikaja buti za jeshi. Zilifika mlangoni, zikaingia, kisha hakukusikika kitu kwa muda mrefu mpaka chifu akapiga kelele, "We, Muthama! Unapiga kura au unalala?" Ndipo buti zikatoka mbio.

Wote walipomaliza, chifu alivitoa vibuyu uwanjani na kuvimimina juu ya ngozi ya ng'ombe, kimoja kimoja. Cha pembe kilitoa mbaazi za kutosha, na Ndululu, aliyekuwa amerudi kutoka mgungani, akatazama wake za wanawe akajipangusa jicho. Cha jembe kilimiminika, kikamiminika, halafu kikalia, kling! Kitu kiling'aa katikati ya mbaazi.

Kilikuwa kifungo cha shaba.

Watu wote waligeuka. Ivuso ilikuwa na koti moja tu lenye vifungo kama hivyo, na mwenye koti alikuwa ameshika kifua kwa mkono, pale mahali ambapo jana palikuwa na kifungo na leo palikuwa na uzi. Kicheko kilichotoka kiliruka paa la kanisa. Muthama alitazama kulia, akatazama kushoto, na alipoona Nthenya anaitwa aje ashuhudie hesabu, aliingia kwenye kichaka cha karibu na kukaa humo.

"Hili nalo?" chifu aliuliza, kifungo kikiwa kwenye kiganja chake. "Tulisema siri, na huyu ameweka sahihi."

"Hesabu," Ndululu alisema kwa ukarimu. "Mtu ametoa kilicho chake."

Nthenya alikitazama kile kifungo. Alijua bei yake. Muthama alikuwa akivisugua vifungo vile kwa majivu kila Jumamosi, na hakuwahi kuuza hata kimoja, hata mwaka wa njaa.

"Kitoeni," alisema. "Tulisema mbaazi. Tukihesabu kifungo leo, kesho mtu ataweka kwato la ng'ombe aseme ni kura. Imeharibika."

Kichakani kulisikika pumzi ya mtu aliyechomwa mwiba. Chifu alikitupa kifungo kando, akahesabu mbaazi peke yake, na hata bila kifungo jembe lilishinda pembe. Wanawake wa mwethya walipiga vigelegele. Katika zogo lile hakuna aliyemwona Nthenya akiinama kama mtu anayefunga kiatu, ingawa hakuwa na viatu.

Kabla ya kwenda Kavumbu alipita tena kwa Ndululu.

"Tulisema nikishinda utanisaidia. Nataka madume yako."

"Umenichukulia kura, sasa unataka na ng'ombe?"

"Kwa kuazima. Watu wa Kyambai, kimoja cha vile vijiji vitano, wanalitaka bonde la katikati kama sisi. Lakini Mutiso ndiye anayewaazima ng'ombe wa kulimia, na wanaogopa kumwudhi. Nikiwaambia wewe utawalimia msimu huu, hawatakuwa na cha kuogopa."

Ndululu alijikuna kidevu. "Na silanga ikiwa bonde la katikati, si karibu na boma langu."

"Si karibu na kwangu pia. Iko karibu na watu wengi. Madume yana miguu, Ndululu. Syombua ana mimba."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema mbele ya mtu. Ndululu aliacha kujikuna. "Waambie Kyambai madume yapo," alisema.

Huko Kavumbu walimkaribisha vizuri, wakamletea kuku. Nthenya alimshukuru mpishi, akamsogeza kuku kando. "Nitakula tukimaliza. Kuna watu wanaposhiba hukubali tu."

Mutiso alikuwa mzee mnene, mcheshi, mzoefu wa mabaraza. "Mama, jambo limekwisha," alisema. "Sote watano tulikubaliana."

"Ivuso imenituma nije kusema haikubali. Tumebadilisha mtu."

"Basi wanne wanakubali."

Nthenya alimgeukia mjumbe wa Kyambai, mtu mpole aliyekuwa akitazama vidole vyake tangu asubuhi. "Ndululu atawalimia mashamba msimu huu. Ng'ombe wake, plau yake. Haya, sema wanawake wa Kyambai wanataka silanga wapi. Usiniambie mimi, mwambie mwenyekiti."

Yule mpole alitazama vidole mara ya mwisho. "Katikati," alisema. "Wananiuliza kila siku kwa nini nilinyamaza."

"Hao ni wawili dhidi ya watatu," Mutiso alisema, akitabasamu bado.

Ndipo mzee wa Ilatu, kijiji kidogo cha mlimani, aliposogeza kigoda chake. Alikinyanyua tu kutoka upande wa Mutiso akakiweka karibu na Nthenya, akakaa. Kutoka Ilatu hadi Kavumbu kuna mteremko wa kuvunja shingo, na hakuna aliyewahi kumwuliza anaonaje.

Mutiso alihesabu vigoda. Mtu mwingine angepiga meza. Lakini Mutiso hakuzeeka kwenye mabaraza bure, na mwenyekiti mwenye akili huhama kabla hajahamwa.

"Mimi mwenyewe," alisema, "nimekuwa nikiliwaza sana lile bonde la katikati."

"Tumekuona ukiwaza," Nthenya alisema. "Kaa kwenye kiti chako, baba. Kiti sikihitaji. Sasa mnipe huyo kuku."

Walichimba tangu siku iliyofuata. Kila kijiji kilileta mwethya wake, na kila mwethya uliimba wimbo wake na kupumzika saa yake. Hayo hakuna aliyeyaingilia. Ukuta wa udongo tu ndio uliokuwa wa wote. Madume ya Ndululu yalikokota lile bakuli la chuma, na wakwe wa Nthenya walichimba upande wa mashariki yeye akiwa magharibi. Watu walisema hakuna silanga iliyochimbwa kwa adabu kama ile. Kila adhuhuri aliacha kibuyu cha uji juu ya jiwe fulani na kuondoka, na kila jioni alikikuta kitupu kimeoshwa.

Mvua za Novemba zilikuta ukuta umesimama. Syombua alijifungua zilipokuwa zinakaribia kwisha, mtoto wa kike mwenye sauti kubwa, akaitwa Mumbua kwa sababu alikuja na mvua. Maji ya kumwogesha Nthenya aliyateka mwenyewe kule silanga, na aliporudi chungu kilikuwa hakijachemka.

Alipomaliza kumfunga mtoto nguo alisikia kikohozi nyuma ya ghala. Alitoka na kukaa upande wa pili, mgongo ukutani. Mbuzi alikuwa amelala kati yao, anacheua.

"Ewe mbuzi," Nthenya alisema, "mwambie mwenye koti kwamba mtoto ana pua yake, Mungu amsaidie."

Nyuma ya ghala mtu alivuta kamasi.

"Na mwambie nina swali. Chifu alimpa kila mtu mbaazi moja. Kifungo nilikiona. Mbaazi yake ilikwenda wapi?"

Mbuzi alitikisa sikio.

"Niliitafuna, mwaitu," Muthama alisema. "Nilikuwa nasubiri zamu, moyo unadunda, nikaitia mdomoni bila kujua. Nilipofika ndani sikuwa nayo. Sikuweza kutoka bila kukupa kitu."

Alikuwa amesahau kumwambia mbuzi. Alikuwa amesema na mama mkwe wake uso kwa uso, isipokuwa ukuta wa ghala. Nthenya alisubiri ajirekebishe, na alipoona hajajirekebisha, hakumkumbusha. Alifungua fundo la kanga yake akatoa kifungo cha shaba, kimesuguliwa kwa majivu kinang'aa, akakipenyeza kwenye ufa wa ukuta mpaka alipohisi kimeshikwa upande wa pili.

"Kishone vizuri," alisema. "Uchaguzi ujao chukua mbaazi, kaa nayo mkononi."